Duara la Simbo

Nyuma ya nyumba ya shangazi Ntakije, pale Simbo,
lipo duara ardhini, nyasi zimelikataa.
Miaka ishirini na mitatu walizunguka hapo
wakisukuma mti wa pipa la mawese,
yeye upande huu, mumewe upande ule,
wakifukuzana wasifikiane.

Sasa kiwanda kimeketi kando ya lami.
Kinameza tani kumi kabla ya chai
na hakiombi kuchuliwa mgongo.
Getini, Rusimbi, aliyejifunza kuhesabu
kwa kokwa za mise kwenye baraza yetu hii,
anasoma namba nyekundu za mizani.
"Dura hatupokei, shangazi. Ganda nene, nyama haba.
Chukua miche ya tenera, kuna mkopo."

Tenera huzaa mwaka wa nne.
Shangazi akahesabu miaka yake, akanyamaza,
akarudi na mikungu kichwani
kama aliyeipeleka kupunga upepo.

Sisemi kiwanda ni kibaya.
Mafuta yameshuka bei, vijana wa jirani wana ajira,
na moshi wa mapipa hautuлizi tena.
Shamba la bondeni kaliuza. Dari amepiga.

Lakini alfajiri ya leo nimemkuta duarani,
kanga kiunoni, mikono mbele,
anasukuma mti usiokuwepo.
"Nanyoosha miguu tu," akasema.
Nikasogea nimshike bega.
"Toka hapo," akaniambia, bila kusimama,
"umekanyaga upande wa Bukuru."