Kiti cha Miguu Miwili

Kitendawili.
Tega.
Ana miguu miwili, hatembei;
unamkalia, haanguki.

Ndivyo alivyoniingilia Mwanahawa Kihiyo,
nesi wa Bombo, viatu vyeupe bado mguuni,
akanikabidhi simu kabla ya salamu.
Kioo kimepasuka pembeni. Ndani yake kiti:
bomba moja la chuma linatambaa sakafuni,
linapanda, linakunja goti, linarudi nyuma hewani
na huko hewani wamelikalisha mtu.
Miguu ya nyuma hamna.
"Hawajamaliza?" nikauliza.
"Wamemaliza," akasema. "Siku nyingi."

Mimi ni Singano, fundi makochi, Barabara ya Tisa, Ngamiani.
Nachonga vichwa vya simba kwenye mikono ya kochi;
kuna simba mmoja alitoka na sura ya shemeji yangu,
akanunuliwa hivyohivyo.
Marehemu baba aliniambia: kiti ni mnyama,
kabla hujakisifu, hesabu kwato.
Nikahesabu ile picha mara tatu.
Nikataka kukataa. Mdomo ukasema: "Njoo mwisho wa mwezi."

Kwa Shemdoe wa vyuma chakavu nikapata kitanda,
kitanda cha hospitali kilichokwisha kustaafu,
rangi ya maziwa inabanduka kama ngozi ya jua.
Nikakata. Nikajaza mchanga ndani ya bomba,
nikaziba ncha kwa vigingi, nikapuliza mkaa.
Bomba tupu ukilikunja linabonyea kama kopo;
lililoshiba mchanga linainama kwa adabu.

La kwanza lilikuwa na adabu mpaka nilipolikalia.
Watoto wa chuo walikuwa wanapita.
Mpaka leo wananiamkia kwa kupiga makalio.

La pili nikampa Bi Mwanakombo wa mbaazi,
mwanamke ambaye benchi zangu zote zinamfahamu.
Akajishusha, bismillahi, nusu kwa nusu,
chuma kikashuka naye kidogo, kikampandisha,
kikamshusha tena, kama mtu anayekubali maneno.
"Singano," akasema, sahani ya mbaazi bado mkononi,
"kiti chako kinapumua."
Hakunyanyuka mpaka adhana.

Picha ilikuwa na ngozi nyeusi.
Ngozi ile kwa bei yake unapata pikipiki na mafuta.
Nikaagiza kamba ya mkonge kutoka Ngomeni,
nikaisuka kwa mkono, msuko wa kitanda cha bibi,
vidole vikavimba, nyumba ikanuka kitalu cha mkonge,
mke wangu akauliza kama nimeoa meli.

Akaja. Tarehe thelathini, jua la saa tisa.
Akakizunguka.
"Hakifanani na picha."
Nilikuwa nimejiandaa, maneno nimeyapanga kama misumari:
ngozi, bei, mkaa, mbavu zangu.
Sikuyatumia. Kidole chake kilikuwa kimeshafika
chini ya goti la bomba, pale nilipoiacha rangi ya zamani
kwa sababu tu niliipenda:
kumi na nne, kwa brashi, nne yake imelala.

"Hii nne," akasema, "niliiandika mimi."
Kisha hakusema.
Barabarani mtu anauza ndimu kwa kipaza sauti,
ndimu, ndimu, mia mia.
"Miaka sita nimekitandika. Kimebeba wazito.
Wengine walishuka wenyewe."

Akaketi. Si kwa nusu.
Chuma kikashuka naye, kikampandisha.
Kiatu kimoja cheupe kikadondoka, akakiacha.
Akafumba macho mbele yangu mimi, mwanamume baki,
na kofia yake ya unesi ikaegemea kamba.

"Nipe mji," akasema, macho yamefumba.
Nikampa Tanga yote, Chumbageni, Makorora, na bandari yake,
nikabakiza Barabara ya Tisa, mtu lazima alale mahali.
Akaupokea mji.
Jibu hakunitajia.

Kwenye daftari langu bado anadaiwa elfu thelathini.
Karatasi ile nimeichana, nimewashia mkaa
wa kiti cha tatu.