Sarafu Hatupokei

Kila asubuhi, kabla stesheni ya Tbilisi haijachangamka,
napanga tarakimu za plastiki ubaoni.
Yuro: nanunua kwa tatu nukta sifuri sita,
nauza kwa tatu nukta sifuri tisa.
Tisa yetu ilivunjika Februari,
basi nachukua sita ya pili, naipindua.
Hakuna aliyegundua.
Hata kwa kuitamka, sita na tisa
ni kama mtu na kivuli chake majini.

Baina ya hizo mbili ndimo ninamoishi.
Tetri tatu.
Humo mna kodi ya kibanda, hita inayonuka vumbi,
mshahara wangu,
na gari jipya la Zurabi.

Dereva wa lori amefika kutoka Trabzon
na lira zilizonyauka njiani.
"Jana zilikuwa na thamani zaidi," ananikaripia,
kana kwamba nimezila mimi.

Tarehe tano huja Bibi Tsiala na yuro mia mbili.
Binti yake amezichuma Bari
kwa kumgeuza mzee wa watu kitandani,
ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto,
asije akafanya vidonda.
Yeye kule anageuza mzee,
mimi huku nageuza noti.
Bibi hahesabu. Huinama tu dirishani: "Imepanda?"
kama aulizaye homa ya mtoto.
Namwambia imepanda kidogo.
Hafurahi. Yuro ikipanda
dawa yake ya presha hupanda nayo,
kwa kuwa zote mbili zatoka huko huko.

Nami ninaye wangu. Ketevani, mwaka wa tatu Thesaloniki.
Akinitumia mia, nazibadilisha hapa hapa,
dirishani pangu, na risiti najiandikia.
Zurabi kasema mwenye dirisha naye ni mteja.
Kwa hiyo fedha ya mwanangu inatoka mkono wa kushoto
kwenda mkono wa kulia,
na katikati, pasipo hata upana wa kifua,
inadondosha mikate miwili.

Majira haya ya baridi alinitumia koti lake la zamani,
likaja na basi la vifurushi, siku mbili barabarani.
Mfuko wa kulia umetoboka.
Nilipapasa ndani ya bitana, nikakuta
tiketi ya basi la mjini, pini ya nywele,
na yuro mbili na senti arobaini, za chuma.

Kwenye kioo changu pana karatasi,
kwa lugha tatu, mwandiko wangu mwenyewe:
SARAFU HATUPOKEI.
Benki haizitaki, Zurabi hazitaki,
hazina bei ya kununua wala ya kuuza.

Nimezirudisha zilikokuwa.
Asubuhi nikiinua mkono
kuipindua ile sita,
zinagongana mgongoni mwangu.