Mlango wa Kushoto

Tulikutana Mwaloni kabla jua halijapanda,
magari tisa ya zamani, na wenyewe
wakipangusa vioo kwa kanga za wake zao.
Kwilasa na Datsun yake ya rangi ya ugoro.
Bwana Pravin na Morris
isiyopanda mlima bila kubembelezwa.
Mwalimu Nyamizi na Foksi yenye jicho moja;
la pili, alisema, linakuja kwa basi kutoka Nairobi,
linakuja tangu Pasaka.
Na mimi na Peugeot ya baba, mia nne na nne,
niliyoikuta Nyanguge kuku wanataga kiti cha nyuma,
nikaikomboa kwa bei ya ng'ombe wawili na matusi.

Mlango wake wa kushoto haufunguki.
Yaani unafunguka, ila una adabu zake:
uinue kitasa, usivute.
Uugonge kwa nyonga, pale chini ya ufa.
Ungoje kidogo, kama mtu aliyepiga hodi.
Ndipo uvute.
Baba alinifundisha mimi.
Mama hakutaka kujifunza. Alikaa nyuma
miaka yote, akisema mbele kuna jua.

Mwezi wa tisa. Kuanzia Kisesa wanachoma miti ya pamba,
moshi umelala barabarani, hauna haraka,
na kwenye miiba ya kando zimenasa nyuzi nyeupe
zilizodondoka malorini
ambazo hakuna aliyerudi kuziokota.
Ziwa linaonekana, linapotea, linaonekana,
kama jirani anayechungulia wageni.
Watoto wanatukimbilia: Harusi! Harusi!
Bibi harusi yuko wapi?
Kwilasa anajibu kwa honi yenye mafua.

Magu tukasimama. Morris inachemka,
Pravin anaimwagia rejeta maji na maneno matamu,
sisi wengine tunakunywa chai ya tangawizi
na kusifia magari ya wenzetu kwa wivu.
Akaja mama mmoja, sabini imempita,
kikapu cha michembe mkononi.
Hakuzitazama nane. Alikuja kwenye yangu.
Mnafika Lamadi?
Tunafika, mama. Ila subiri nikuzungukie, huo mlango

akainua kitasa.
Akagonga kwa nyonga, chini ya ufa.
Akangoja.
Akavuta.

Akaketi, kikapu mapajani,
akatelemsha kile kibao cha kuzuia jua
bila kukitazama, kama mtu anavyopapasa swichi
gizani, nyumbani kwake.

Kilomita sitini.
Alisema mvua ya mwaka huu ilidanganya.
Alisema mkwewe amenunua pikipiki.
Nilishika usukani kwa mikono miwili
nikihesabu Alhamisi.
Alhamisi baba alikuja Magu kupima pamba.
Alikuja hata ile miezi
ambayo hakuna pamba.

Lamadi magari yalipangwa yakitazama maji,
kofia za injini wazi, wapita njia wakipiga picha,
mtu akaiuliza Datsun umri wake, Kwilasa akadanganya.
Mama yule alishuka, akafunga mlango polepole,
kiganja chake kikabaki juu ya bati
kama unavyomshika ng'ombe uliyemuuza
ukimkuta kwa watu.
Liko vizuri, akasema. Linatunzwa.
Jina hakuniambia. Nami mdomo wangu
ulikuwa kama mlango ule,
nao hakuna aliyejua pa kuugonga.
Aliniachia michembe, imefungwa gazetini.

Nilirudi Mwanza usiku, taa za mawe ya Bugando
zimepandana mpaka karibu na nyota.
Mama alikuwa sebuleni, redio chini chini.
Mlango ule umetengeneza?
Haujaharibika, mama.
Akafungua gazeti, akachukua mmoja,
akautafuna muda mrefu, upande wenye meno.

Hii ya Magu, akasema,
akaongeza sauti ya redio.