Mbwa wa Kilo Arobaini na Mbili

Nilikwenda na kanga kuukuu,
ile ambayo Chongo huilalia juu ya friji,
imeshika manyoya na harufu ya usingizi wake.
Nikaikunja mkobani kama barua ya posa,
nikapanda bodaboda hadi njia ya Ganda,
kwenye ua ambao Tsuma hulea mbwa walioachwa.

Wengi wana majina ya Kitaliano.
Wenyewe walifunga nyumba zao za makuti,
wakamwachia mlinzi ufunguo na gunia la chakula,
wakasema, tutarudi Desemba.
Desemba imekuja mara nne.

Awe mkubwa, nilimwambia Tsuma,
maana mwezi wa sita walitubebea pampu ya maji
nasi tu macho, tunawasikia.
Awe mkubwa, ila asijue kuwa ni mkubwa.
Asimle Madamu, bata wetu wa miaka tisa.
Asimkimbize mbuzi mwenye mimba.
Na Chongo, paka wa jicho moja
na hasira za macho matatu,
asimguse hata kwa kivuli.

"Mama Mbodze, watafuta mbwa au mkwe?"
Mkwe, nikasema, hurudishwa kwao.

Wa kwanza alikuwa mzuri, mng'avu, kijana.
Nilipomwonyesha kanga aliipasua kwa furaha,
manyoya ya Chongo yakaelea hewani
na mimi moyo ukanidondoka.

Wa pili alitetemeka hadi akajikojolea.
Nikamwomba radhi kwa kumtazama.

Wa tatu hakuja.
Tulimwendea sisi, nyuma ya pipa,
rangi ya majivu, kichwa kama sufuria ya pilau,
shingoni kovu la mnyororo lisiloota nywele.
Arobaini na mbili, alisema Tsuma,
na hapo amekonda.

Akanusa kipande kilichobaki, pindo kwa pindo,
kama fundi anayekagua kitambaa cha mteja mgumu.
Akasita penye maandishi.
Yalikuwa yamesalia nusu: MGENI NJOO.
Tsuma akawafungulia kuku wake makusudi.
Wakampita puani.
Naye akageuza uso pembeni
kama mtu aliyemkuta mkwewe akioga.

Basi jina likawa hilo, Mgeni.

Huku Muyeye Bi Mwanakheri alinisubiri ukutani.
"Nakupenda, jirani, lakini mate yake
yasifike kwenye mkeka wangu."
Tukapima mpaka kwa mti wa ufagio:
njia ya mashariki yake, bakuli nyuma ya tangi,
na kufagia ni juu yangu, kila alfajiri, kabla hajatoka kwenda msikitini.

Siku ya kwanza walinusana chini ya mlango wa stoo.
Ya pili Chongo alikula dagaa wake palepale,
mgongo kwa adui.
Ya tatu hatukumpa mgeni jembe.
Tulifungua mlango.

Kofi la kwanza. La pili.
Tone moja la damu kwenye pua pana.
Nilishika ufagio, sijui nimpige nani.
Kilo arobaini na mbili zikafikiri,
zikafikiri sana,
kisha zikaketi, zikatazama ukuta.

"Bravo," Mbodze akasema,
neno aliloliokota jikoni hotelini.
Mgeni akafumba macho.
Mkia ukagonga saruji mara moja tu,
kama anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua.

Hawapendani, nisikudanganye.
Wanapitana ukumbini kama wake wenza wenye adabu.
Madamu humlalia kivulini bila kuuliza.
Wali wa mbwa unakula kibaba na nusu kwa siku,
na mahamri ninayouza hayajaongezeka.

Ila usiku, lango likiwa limezibwa na mwili wake,
usingizi hunikataa bado.
Simuwazi mwizi.
Namuwaza yule wa pili,
na jinsi nilivyokunja kanga yangu haraka
nisimwone akiinuka kunifuata.