Nyuzi Tisini na Tatu

Saa nane mchana, Januari, Arua.
Bati linalia lenyewe juu ya kichwa changu
na kadi ya picha imefika nyuzi tisini na tatu.
Bi harusi Ayikoru ameganda mlangoni mwa kanisa,
mguu mmoja hewani,
shela imekatika vipande vya mraba, vya kijani.
Feni mbili ndogo zinapiga mayowe.
Kisha kioo cheusi.
Kisha simu ya mama wa bi harusi.

Nimeing'oa, nimeilaza juu ya gazeti kuukuu.
Vumbi jekundu limejishona katikati ya mapezi.
Feni moja imelegea; nikiipuliza
inazunguka upande na kukwaruza.
Za aina hii haziuzwi tena.
Lazima nitafute kipozeo cha kigeni,
kilichotengenezwa kwa kadi yoyote,
maana yake, si kwa hii yangu.

Rula ya shule ya mdogo wangu:
tundu hadi tundu, milimita sitini na nane.
Toa kumi. Rula imetafunwa mwanzoni,
inaanzia kwenye moja.

Ssekitto wa Kampala anaongea haraka, salio ni langu.
Kipo kikubwa, feni tatu, mabomba matano ya shaba,
kimya kama msikiti saa nne asubuhi,
ila kinene, na kasha langu halifungi juu yake.
Kipo cha maji. Laki tano.
Na kipo kimoja kilichotumika, feni mbili pana,
laki moja na themanini:
"Mapezi yamelala kidogo, dada. Kidogo tu."

Baba alikuwa mlangoni, anasikiliza.
Miaka thelathini amechomelea rejeta za malori ya Juba;
vidole vyake havisikii tena moto wa birika.
"Maji," akasema. "Dawa ya moto ni maji.
Lori halipandi mlima kwa upepo."
Nikamwambia, baba, lori likivuja
unasimama kando ya barabara, unaomba mtungi.
Hili likivuja, linavujia umeme.
Akanyamaza, lakini kunyamaza kwa mtu anayeendelea kubisha.
Kisha: "Kina uzito gani?"
Hilo sikuwa nimeliwaza.
Gramu mia saba, zining'inie
kwenye ubao mwembamba kama biskuti.
"Chini utaweka nini?"

Nilinunua kilichotumika. Wala si kwa busara.
Laki moja na themanini ndizo zilizobaki
nilipomrudishia mama Ayikoru nusu ya pesa zake.

Kikaja na basi la usiku, ndani ya boksi la sabuni.
"Kidogo tu" ya Ssekitto ilikuwa upande mzima,
mapezi yamelala kama mahindi baada ya mvua ya mawe.
Nilishika simu nimtukane.
Baba akaomba kisu cha mezani.
Pezi moja. Pezi la pili. Pezi la tatu.
Hakusema, nilikuambia.
Hakusema chochote toka adhuhuri hadi magharibi,
ila mara moja: "Sogeza tochi."

Grisi ya zamani nikaifuta kwa spiriti,
mpya nikaweka kiasi cha punje ya kunde.
Skrubu nikazikaza kimsalaba, hii kidogo, ile kidogo,
kama mtu anayepatanisha ndugu wanne.
Chini ya mkia wa kadi nikasimamisha
kipande cha kalamu iliyokwisha wino.
Hilo ndilo jibu la "chini utaweka nini."

Usiku nikawasha.
Sitini na nne. Sitini na tisa.
Sabini na moja, ikakaa hapo.
Feni zinavuma chini chini, moja inagonga, tik,
kila mzunguko, tik,
kuna pezi alilolisahau.

Ayikoru akashusha mguu.
Akaingia kanisani.

Baba, aliyeaga kwamba anakwenda kulala,
amechuchumaa nyuma ya kasha,
kiganja mbele ya hewa ya moto inayotoka.
"Inapumua," akasema.
Akakaa kidogo.
"Lakini ingekuwa maji..."