Herufi Moja

Muhuri wangu huisha nguvu katikati ya daraja la Coldstream.
Nikivuka hatua moja kusini, mimi ni mtembezi tu
mwenye mkoba na viatu vya matope.
Mto Tweed unapita chini. Haukuulizwa.

Kusini, Wilf Dodds kapanda shayiri
iliyonyofolewa herufi moja maabara
ili ukungu usipate pa kuingilia.
Huko inatosha kuiandikisha: jina, tarehe, sahihi.
Kaskazini, binamu yake Elspeth
akiitia ardhini punje ile ile, ni kesi,
na wa kumwandikia kesi ni mimi.

"Nionyeshe basi palipokatwa."
Kanishikisha masuke mawili, moja huku, moja huku.
Nayageuza juani. Nanusa. Natafuna punje.
Miaka kumi na minane ya kukagua mbegu
na ulimi wangu hauna jibu.
Jicho langu ni karatasi; ninyang'anye karatasi, nimepofuka.

"Babu," anasema, "alilima ile ya mionzi.
Waliipiga mionzi kama mtu anayepura maharage,
herufi ngapi zilivunjika hakuna aliyehesabu.
Ikawa wiski. Tukainywa matangani kwake.
Kibali aliomba nani?"

Wahenga walisema sheria ni msumeno.
Hawakutuambia, msumeno ukikutana na mkasi,
ni upi utakaomkata mwenzake.

Usiku jikoni naandika ripoti,
kwanza kwa penseli, kwa lugha ya mama yangu
aliyenifunza kusoma Dundee, kwenye mifuko ya unga.
Naandika: shayiri.
Nafuta y.
Linabaki shairi.
Sikuongeza kitu. Hakuna herufi ngeni iliyoingia.
Lakini hebu lisage, ulisonge, uwalishe wageni!

Nafuta r badala yake: shayii. Takataka.
Nyingi huwa hivyo, hufa kimya ndani ya vichupa,
na hakuna anayezitungia sheria.

Kwenye kisanduku cha maoni naandika:
Hakuna tofauti.
Penseli inasita. Nafuta silabi ya kwanza.
Kuna tofauti.
Naitazama. Nairudisha. Naifuta tena.
Karatasi imeanza kutoboka pale pale,
na Elspeth anataka jibu kabla ya Ijumaa,
maana udongo uko tayari
na mvua, anasema, haijui kusoma.