Mali Nyinginezo

Vyombo vya Shangazi Mwanamkuu tuligawana mkekani,
Barabara ya Kumi na Nne,
siku ya tatu, maturubai hayajarudishwa:
sufuria kwa Mwanaidi, mbuzi ya nazi kwangu,
kanga zikaenda kwa waliomuosha.
Hakimu hakuitwa. Nani amwite kwa mbuzi ya nazi?

Ila benki haikai mkekani.
Laki tatu na arobaini, akasema binti wa dirishani,
zinamngoja msimamizi.
Nikamwambia, mimi ndiye niliyemsimamia,
miezi saba, beseni na taulo.
Akanipa pole, akanielekeza Mahakama ya Mwanzo.

Nikaenda na muhtasari wa ukoo,
sahihi tano na dole gumba la Mjomba Kibwana,
cheti cha kifo, picha mbili,
na nauli ya bodaboda ya kukopa.
Jina lake likabandikwa ubaoni:
mwenye pingamizi, mwenye kumdai, ajitokeze.

Siku tisini. Jua likala wino.

Hakutokea wa kudai.
Alitokea kijana wa Makorora, kucha zina grisi,
na elfu nne ndani ya kipande cha gazeti.
"Alinishonea kaptula ya shule.
Nilimwambia nitaleta Ijumaa."

Karani akaigeuza fomu huku na huku.
Palikuwa na nafasi ya nyumba, ya shamba, ya gari,
ya madeni aliyoyaacha marehemu.
Akaniuliza: hii sasa niiandike wapi?

Nikamwonyesha mstari wa chini kabisa,
ule mfupi.